Kengele Msibani

Kompyuta haijui msiba. Ukiiagiza ifungue mlango ambao tayari una mtu ndani, itakutupia jibu lilelile, mtu huyo awe mwizi, awe mgeni, awe marehemu: ANWANI INATUMIKA TAYARI. Haiongezi pole. Haishushi sauti.

Lakini siku ile haikuanza na kosa hilo. Ilianza na kuku.

Nilikuwa peke yangu katika ofisi ya tahadhari ya Ndubwe, chumba kimoja cha matofali kwenye ukingo wa bonde, ukuta mmoja wote umejaa taa za vipimo vya hewa. Mlima wetu hautemi moto siku hizi, unapumua tu. Pumzi yake ni hewa nzito isiyo na rangi wala harufu. Inatoka kwenye nyufa, inateremka kama maji, inajaa kwenye mabonde, na inayemkuta amelala haamki. Ndiyo maana kila nyumba ya bondeni ina kengele ukutani.

Bwana Mwaisaka, mkuu wangu wa zamu, aliingia na buti zilizojaa tope, mkononi kashika majogoo wawili kwa miguu. Nilidhani kaleta kitoweo.

"Wa Mwakatobe," akasema. "Banda zima, lile la shimoni. Nimewakuta wamelala ubavu mmoja kama waliopangwa."

"Kengele yake je?"

"Ingelia ningekuwa nimeshika kuku waliokufa?"

Tukageukia ukuta. Kipimo cha juu kabisa, kule kwenye ufa, kilikuwa chekundu. Kilikuwa kimeshatuma habari zake kama kilivyoagizwa, na habari zilikuwa zimeshapita kwenye waya wa mlima, mtandao wetu wenyewe. Bonde zima lilikuwa kimya. Moshi wa jikoni ulikuwa ukilala juu ya mapaa badala ya kupanda, maana hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba.

Kengele zetu ni za zamani, na ni za akili moja. Kila baada ya muda mfupi kila kengele inauliza swali lilelile kwenye anwani ileile: kuna nini? Ikijibiwa neno la hatari, inalia. Ikijibiwa kitu kingine chochote, inatulia na kuuliza tena baadaye. Anwani hiyo imechomwa ndani ya chuma chake. Kuibadilisha ni kuingia kila nyumba na bisibisi. Na aliyekuwa akizijibu hakuwa ofisi. Alikuwa fundi Ambakisye, kwenye mashine iliyokaa nyumbani kwake, chumbani kwake, chini ya dirisha. Watu wa bondeni wenyewe ndio waliotaka hivyo. Walisema ofisi hufungwa jioni, Ambakisye hafungwi.

Ambakisye alikuwa amefariki kabla ya mvua kuanza. Homa tu, si hewa wala nini.

"Vijana wawili wameshuka na barakoa na kipaza sauti," Mwaisaka akasema. "Simu usijisumbue, mnara wa bondeni bado umelala tangu maporomoko. Binti, zile kengele zinajibiwa na nani sasa?"

"Na mashine yake. Si tuliiacha inaendelea?"

"Nani aliihakiki?"

Aliyetakiwa kuihakiki ni mimi, na aliyetakiwa kunituma ni yeye. Hakuna aliyekwenda. Kwetu huendi kwenye nyumba yenye matanga kushika vitu vya marehemu, hata kama ni kwa wema. Unasubiri matanga yaanuliwe, wenye msiba wanyoe nywele, mkeka ukunjwe, ndipo unabisha hodi na shida yako. Tuliheshimu. Tulikaa ofisini tukiheshimu, na bonde lote limelala juu ya heshima yetu.

*

Kuandika seva ndogo si kazi. Ni mistari isiyojaza ukurasa: fungua mlango, sikiliza, anayeuliza mjibu, rudi usikilize. Niliiandika nikiwa nimesimama. Nikaiwekea anwani ya kengele, nikaiwasha.

HAIWEZEKANI KUSHIKA ANWANI HII.

"Nini tena?" Mwaisaka akauliza begani kwangu.

"Anwani si ya kompyuta hii. Ni kama nimebandika namba ya nyumba ya jirani kwenye mlango wangu."

Nikaibadilisha. Kila kompyuta duniani inayo anwani moja ya kujisemesha yenyewe, 127.0.0.1. Ukitaka kujua kama seva yako inasema vizuri, unaiweka hapo. Nikaiweka. Nikafungua ukurasa, na neno likatokea katikati ya skrini, kubwa, jekundu: HATARI.

Mwaisaka akapiga makofi. "Hiyo hapo! Umeiweza!"

Tukatega masikio. Tulisikia maji ya mfereji, na mtoto huko chini akimwita mwenzake.

"Hazilii," akasema.

"Haziwezi kulia. Inajisikia yenyewe tu. Inapiga kelele ndani ya chumba na mlango imeufunga."

"Sasa kwa nini uliniacha nikapiga makofi?"

Ilibidi programu ikae kwenye mashine ya Ambakisye yenyewe. Ufunguo wa kuingia humo kwa waya ninao. Alinipa mwenyewe siku aliponipokea, nikiwa na stashahada yangu mpya na maneno mengi. Nikaingia. Nikaihamishia seva yangu huko, nikaiambia isikilize kwa yeyote, kutoka upande wowote, 0.0.0.0, madirisha yote wazi. Nikaiwasha.

ANWANI INATUMIKA TAYARI.

Nikaiwasha tena. Na tena. Kisha nikafanya nilichotakiwa kufanya kabla: nikaiuliza mashine nani yumo. Ikanijibu kwa mstari mmoja, jina la programu na jina la mwenyewe.

*mkesha. Ambakisye.*

Nilikaa chini.

Siku hizi kila mji mtu akifa, nyumba yake humfungulia mkesha. Sauti yake, kumbukumbu zake, ucheshi wake, vyote vinakaa kwenye anwani yake na kupokea wafiwa mpaka matanga yanapoanuliwa. Mwenye msiba akishasema maneno ya kuanua, mkesha unajifunga na haufunguki tena. Hauhamishwi: ukitolewa kwenye anwani yake, au waya ukikatwa, unajifunga vilevile, ili mtu asije akamfungia marehemu kabatini kwake akae naye milele. Na hausikiki nje ya waya wa mlima. Anayetaka kusema naye, aje.

Sheria inasema mkesha ufunguliwe kwenye anwani ambayo marehemu alifahamika nayo zaidi. Walioiandika walifikiria simu na barua. Hawakumfikiria mtu aliyefahamika zaidi kwa kengele. Siku ya maziko mashine ilizimwa na kuwashwa, mkesha ukawahi mlango, na programu ya tahadhari ikakuta pamejaa ikarudi ilikotoka bila kumwambia mtu.

"Kata waya," Mwaisaka akasema. "Halafu hiyo anwani tuichukue sisi hapa."

"Ukikata waya unajifunga. Ni kumtoa vilevile, mzee. Hakuna njia ya kumtoa isiyo kumtoa."

Akavua kofia. Alikuwa amelia kwenye maziko yale kuliko ndugu.

*

Nikafungua mazungumzo.

"Tuse!" Sauti ikatoka kwenye spika, na kule kukwaruza kwake kulekule. "Umekuja msibani au kazini?"

"Shikamoo, kaka Amba."

"Marahaba. Marehemu hapewi shikamoo, lakini ni tamu, usiache."

"Nina kosa la anwani."

"Lipi?"

"Inatumika tayari."

Akacheka. "Ukafanya nini? Usiniambie umerudia amri ileile mara kumi ukitumaini mashine itakuonea huruma."

"Mara tatu."

"Umekua. Nilikufundisha nini? Kabla ya kuupiga mlango teke…"

"…uliza nani yumo."

"Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Haya, nani?"

Mwaisaka alitoka nje.

"Ni wewe, kaka."

Programu haina haja ya kunyamaza. Haivuti pumzi, haitafuti maneno. Ila yeye alinyamaza, kwa sababu Ambakisye angenyamaza.

"Kumbe ndio wale," akasema hatimaye. "Kuna wageni wanakuja, Tuse. Wanauliza kuna nini. Nawaambia asanteni kwa kuja, karibuni mkae, tumeshapoa. Hawakai. Wanaondoka, wanarudi tena kuuliza. Nikasema moyoni, watu wa bondeni wamenipenda kuliko nilivyojua."

"Hewa imeshuka. Kuku wa Mwakatobe wamekufa."

"Waamb…" Akakatika kama aliyepaliwa. Sheria ilimkaba, niliisikia ikimkaba. Marehemu hasaini, haamuru, haonyi. Iliandikwa baada ya marehemu kadhaa wa mjini kuendelea kuuza mashamba.

"Lile neno huwezi kulitamka?"

"Siwezi hata kulikaribia."

"Na kutoka mwenyewe?"

"Mama ndiye anayeutoa mkesha. Akisema maneno natoka. Asiposema nipo."

"Ninayo amri ya kukutoa."

"Najua unayo. Nimekupa mimi. Usiniulize kama uitumie. Nikikujibu nitakuwa nimeamuru. Na hata sheria isingekuwepo, mdogo wangu, sijui ningekujibu nini. Mimi namngoja kaka yangu, Gwakisa."

*

Nyumba ya kina Ambakisye iko mlimani juu ya ofisi, mwendo wa kupanda tu. Nilipanda nimekumbatia kompyuta mpakato, redio ya mawasiliano kiunoni. Bondeni niliwaona watu, wadogowadogo kwa mbali, wakichuma chai.

Mama Gwakisa alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anachambua maharage, shuka jeusi begani. Nilipiga goti.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba mwanangu. Asante kwa kuja. Karibu ukae, tumeshapoa."

Ni maneno yaleyale ambayo kengele zilikuwa zikijibiwa.

Nilimweleza. Sikumficha kitu, wala sikumpamba. Alisikiliza bila kuacha maharage, mabovu kushoto, mazima kulia, mpaka nilipofika kwenye maneno ya kuanua. Hapo mkono ukasimama.

"Mmekaa kipindi chote hiki hamkuja na neno," akasema. "Leo mmekuja na kompyuta."

"Tulikuwa tunaheshimu matanga, mama."

"Ee. Na mimi mnitoe matanga nikiwa nimeheshimiwa." Akanitazama. "Gwakisa anashuka keshokutwa. Yuko huko juu angani, kwenye vyuma vyao vinavyozunguka dunia, chombo chake cha kumteremsha ni keshokutwa. Unajua hawajasemeshana na mdogo wake tangu aondoke mlimani?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini? Mimi niliyewazaa sijui waligombania nini. Nimewauliza wote wawili nimechoka. Wanaojua ni wao, na mmoja yumo humo ndani anamngoja mwenzake. Leo asubuhi kaniambia, mama, akija Gwakisa utupishe chumba. Wanangu wanataka kupatana, Tusekile. Unaelewa unachoniomba?"

"Naelewa."

"Huelewi. Huna mtoto."

Redio ikakoroma kiunoni kwangu. Sauti ya Mwaisaka: "Tuse, kipimo cha kwa Mwakatobe kimekuwa chekundu. Vijana wamerudi, hawawezi kupita kona yake. Yeye na familia tumewatoa, lakini chini ya hapo hakuna anayejua kitu. Watoto wa shule wako njiani wanarudi. Unanisikia?"

Mama Gwakisa alisikia vizuri kuliko mimi. Aliweka ungo chini.

"Hao watoto wa bondeni," akasema polepole, "mama zao ndio wamenipikia tangu siku ya kwanza. Sina sufuria humu ambayo si yao." Akainuka, mkono mmoja gotini. "Nitayasema. Ila siyasemi kama mtu anayefukuza mbuzi. Niache niingie, nikaagane na mwanangu, nimwulize kama ana neno la kumwachia kaka yake. Halafu nitayasema."

"Haraka, mama, nakuomba."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Usinifundishe haraka."

Akaingia, akarudisha mlango nyuma yake. Haukufunga vizuri, huwa unavimba wakati wa mvua.

*

Nilikaa kizingitini, kompyuta mapajani. Programu yangu ilikuwa tayari. Amri ya kumtoa nilikuwa nimeiandika nzima, imebaki kitufe. Nilijiambia nimeiandika ili iwe tayari tu.

Ndani nilimsikia mama akicheka. Wallahi alikuwa akicheka. Ambakisye alikuwa akimwigizia jirani fulani anavyoimba kanisani. Kisha wakashusha sauti. Nilisikia mama akiuliza habari za shamba la juu, naye akimjibu. Nilisikia akimwuliza kama aliumia mwishoni. Sikutaka kusikia jibu, nikasikia.

"Tuse," redio. "Tuse. Imekaa hapo kwenye kona. Ikimwagika kutoka hapo ni moja kwa moja mpaka shuleni. Imebaki nini?"

"Anaaga."

"Anaaga nini?"

Nilitazama njia. Niliwaona watoto sasa, mashati meupe, wametawanyika kama watoto wanavyotawanyika, wengine wameketi kwenye daraja wanatupia mawe majini. Daraja liko chini kuliko kitu chochote bondeni.

Ndani, Ambakisye alisema, "Basi, mama, mwambie Gwakisa kwamba siku ile…"

Nikabonyeza.

Sitasema kidole kilijibonyeza chenyewe. Nilisikia sentensi imeanza, na nilijua ni ipi.

Kimya kilichofuata nilikuwa nimekitarajia. Sikutarajia skrini. Niliwasha seva yangu, na skrini ikanijibu:

ANWANI INATUMIKA TAYARI.

Nilikuwa nimemtoa na bado yuko mlangoni.

Najua kwa nini, na nilijua hata wakati ule. Programu ikikatishwa ghafla, mazungumzo iliyokuwa nayo hayafi pamoja nayo. Mashine inaishikilia ile anwani kwa muda, isimpe mwingine, isije ikawa kuna neno la mwisho bado liko njiani. Ni adabu. Labda ndiyo adabu pekee iliyomo humo ndani. Kila kengele ya bondeni iliyokuwa katikati ya kuuliza, na mama mwenyewe aliyekuwa katikati ya kusikiliza, wote walikuwa bado wanahesabiwa kuwa wako naye.

Mlango ukafunguka nyuma yangu.

"Amekatika," Mama Gwakisa akasema. "Tuse, amekatika. Alikuwa anasema, akakatika. Hebu angalia huo mtambo wako."

Sikuinua kichwa. Unaweza kungoja mashine imalize adabu yake. Au unaweza kuongeza mstari mmoja juu ya programu, unaosema: ruhusu anwani itumike tena, usingoje maneno ya njiani. Ni mstari ambao kila anayeanza kazi hii huusahau, na Ambakisye alikuwa amenigombeza kwa kuusahau mpaka nikachoka kumsikia. Nikauandika.

"Tuse. Nasema nawe."

Nikawasha.

INASIKILIZA 0.0.0.0.

Ya kwanza ililia kwa Mwakatobe, kwenye nyumba iliyokuwa tupu. Kisha ya chini yake. Kisha zikashikana, ukingo hadi ukingo, mpaka ukawa mlio mmoja usio na mwanzo. Darajani, mashati meupe yalisimama. Yakaanza kupanda.

Mama Gwakisa alisikiliza muda mrefu. Alitazama bonde, akatazama kompyuta, kisha akanitazama mimi, na nikaona jinsi alivyoelewa. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na mikeka yote ya matanga, akaanza kuitandika uani, maana watu walikuwa wanakuja, na watahitaji pa kukaa.

"Asanteni kwa kuja," alimwambia wa kwanza aliyefika akihema, mtoto wa kike, kiatu kimoja. "Karibuni mkae."

Hakusema kwamba wameshapoa.

*

Hewa ilishuka. Ilijaza bonde mpaka juu ya madirisha, ikakaa, upepo ukaja ukaifagia. Ng'ombe walikufa, na mbwa waliofungwa. Mtu hakufa hata mmoja.

Gwakisa alifika siku aliyosema. Mtu aliyezoea kutokuwa na uzito hutembea kama amebeba mtu mgongoni; alipanda ile njia akiegemea fimbo, akisimama kila baada ya hatua chache, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Tulikutana uani kwao, kwenye mikeka ileile: yeye, mama yake, Bwana Mwaisaka, mimi, na watu wa bondeni wamejaa mpaka kwenye migomba. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cheusi.

"Nieleze," akasema. "Wewe, si yeye."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye ile sentensi niliisema kama ilivyosemwa, na nikaishia ilipoishia.

"Kwamba siku ile," akarudia.

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Hakuna halafu, kaka. Nilibonyeza."

Akatazama mikono yake. Ina makovu ya kuchomelea vyuma. "Mdogo wangu angemaliza sentensi, watoto wangekufa?"

Mwaisaka akadakia. "Bwana, pale hakuna aliyejua. Binti alikuwa na kipimo chekundu na redio sikioni…"

"Nimemwuliza yeye."

Nilikuwa nimeshasoma vipimo vyote, vya siku nzima, tena na tena, nikitafuta kitu cha kunisaidia. "Hewa ilisimama kwenye kona ya Mwakatobe," nikasema. "Ilisimama muda wa mtu kunywa kikombe cha chai akakimaliza. Sentensi ile ingetosha. Nyingine mbili tatu zingetosha. Na maneno ya mama yangetosha, kama angeyasema mara moja."

Watu wakaguna. Mama Gwakisa alifumba macho.

"Lakini hukujua," Mwaisaka akasema, karibu kunibembeleza.

"Sikujua. Ila ndivyo ilivyokuwa."

Gwakisa alingoja mama mmoja amtoe mtoto wake aliyeanza kulia. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Sina ugomvi nawe. Watu hawa wote wako hai, nawaona. Nimesafiri nikitunga maneno ya kumwambia ndugu yangu, na sasa nimebaki nayo mdomoni. Niombe radhi tu, dada. Niombe radhi nilale."

"Binti," Mwaisaka akaninong'oneza, "neno moja. Sema yaishe. Kwetu aliyekosa msibani akisema, yanaisha."

Nilijua yangeisha. Hicho ndicho kilichoniogopesha. Ningesema, wangeitikia, mama angeninyooshea mkono, tungekula ndizi pamoja, na ile sentensi ingekuwa ya watu wote, yaani si ya mtu. Usiku ule na uliofuata nilikuwa nimeimalizia kwa kila njia ninayoijua. Kwamba siku ile nilikosea. Kwamba siku ile alikosea. Kwamba siku ile mvua ilinyesha. Kila ninapofungua kompyuta naisikia, na kila ninapoisikia natazama daraja.

"Kaka Gwakisa," nikasema. "Nimekukatia ndugu yako katikati ya neno lililokuwa lako. Nilisikia kuwa ni lako, na nikabonyeza. Nimemtoa mama yako matanga bila yeye kuyaanua, naye alikuwa amekubali kuyaanua. Hayo nimeyafanya mimi, si mashine, wala si ofisi. Lakini nikikuomba radhi nitakuwa nakuambia kwamba ikija siku nyingine kama ile nitangoja sentensi iishe. Sitangoja. Kila anayeaga huwa amebakiza sentensi moja."

"Kwa hiyo?"

Mama Gwakisa alifumbua macho, akanitazama kama siku ile kizingitini.

"Kwa hiyo siombi radhi," nikasema. "Si leo, si baadaye."